Keya, SOS, DCM: Herufi zinazoficha safari ya babu vitani

WATU wa mpakani hawaogopi herufi. Anayevusha mahindi Mutukula au nguo Malaba anajua TIN ni nini, URA na KRA ni akina nani, na EAC imemletea nini. Aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizini anazijua UNHCR na WFP pengine kuliko majina ya mawaziri wake.

Lakini mpe mtu huyo huyo karatasi ya babu yake ya mwaka 1946, iliyokunjwa mara nne na kuhifadhiwa katika mfuko wa nailoni, naye atakwama mstari wa kwanza. Ataona namba, kisha KAR, kisha Cpl, kisha SEAC, na chini kabisa SOS. Atairudisha kwenye sanduku akisema ni Kiingereza cha zamani.

Si Kiingereza cha zamani. Ni mkato wa makarani wa jeshi, na una kanuni zake. Anayezijua kanuni hizo anaweza kusema babu yake aliandikishwa na kikosi gani, alipelekwa nchi ipi, aliumia wapi na alirudi lini. Asiyezijua huishia kusimulia hadithi isiyo yake, au kumlipa mtu amsomee uongo.

Kwa nini uhangaike?

Sababu ya kwanza ni heshima ya ukoo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uganda pekee ilitoa zaidi ya watu 70,000, na Kenya na Tanganyika nazo zilitoa makumi ya maelfu. Ni koo chache za eneo hili ambazo hazina mzee aliyevaa kaptula ya kaki na kwenda Habeshi, Madagaska au Burma.

Sababu ya pili inawahusu zaidi waliorudi. Fomu nyingi za jeshi zilikuwa na nafasi ya kuandika kabila, wilaya na chifu wa askari. Karatasi kama hiyo haikupi uraia wala haikurudishii shamba, lakini inataja kijiji au chifu ambaye familia imemsahau baada ya kuhama mara mbili au tatu. Kwa anayewatafuta ndugu zake, huo ni mwanzo mzuri.

Sababu ya tatu ni fedha, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Tutafika huko.

Anza na namba

Waswahili waliligeuza jina la King's African Rifles kuwa Keya, na askari wake wakaitwa askari wa Keya. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasa, Afrika Mashariki, Uganda na Somalia. Katika karatasi linaandikwa KAR, na mbele yake huwa kuna namba. Namba hiyo ndiyo mali. Usiiruke.

Katika Vita vya Pili, namba nyingi ziliendeleza mkia wa kikosi cha asili. Kikosi cha 4 kilikuwa cha Uganda, na wakati wa vita yakazaliwa 34 KAR na 44 KAR, vyote vya Uganda. Kikosi cha 6 kilikuwa cha Tanganyika, nacho kikapata ndugu zake 26, 36 na 46. Cha 2 kilikuwa cha Nyasa, ambayo sasa ni Malawi, na 22 KAR ikafuata. Kwa hiyo ukiona 36 KAR, tazama mkia: sita, Tanganyika. Ukiona 44, tazama mkia: nne, Uganda.

Kanuni hiyo ina vichwa ngumu. 11 KAR ilikuwa ya Kenya, na 7 KAR ya vita hivyo ilikuwa ya Uganda. Askari wa kikosi hicho cha saba waliitwa "abaseveni" na watu wa kwao, na jina la Rais Yoweri Museveni linatokana nao. Namba ya kikosi imekuwa jina la mtu, na jina la mtu limekuwa historia ya nchi.

Angalizo: 7 KAR ya Vita vya Kwanza haikuwa ya Uganda. Iliundwa mwaka 1917 kutokana na askari wa Zanzibar. Namba moja, vita viwili, nchi mbili. Ndiyo maana tarehe isomwe pamoja na namba, kama vile bei inavyosomwa pamoja na kipimo.

Ukikuta 3/4 KAR katika karatasi ya 1917 au 1918, usidhani ni robo tatu. Maana yake ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya nne. Vita vilipopamba moto, rejimenti moja iligawanywa kuwa batalioni kadhaa: 1/4, 2/4, 3/4 na kuendelea. Tarakimu ya pili ndiyo inayokupeleka nyumbani.

Si wote walioshika bunduki mstari wa mbele

Wapo wanaovunjika moyo wakiona babu hakuwa KAR bali EAASC. Wasivunjike. Herufi EA mwanzoni ni Afrika Mashariki, na zinazofuata zinaeleza kazi.

EAASC ni kikosi cha usafirishaji na ugavi. Humo ndimo madereva wengi wa kwanza wa malori wa kizazi hicho walikojifunzia. EAAMC ni madaktari, wauguzi na wabeba machela. EAE ni wahandisi wa madaraja na barabara, na EAEME ni mafundi wa magari na mitambo. EAA ni mizinga. EAMLS ni huduma ya kazi: kuchimba, kubeba, kupakia na kupakua.

Katika Vita vya Kwanza mkato wa wapagazi ulikuwa CC, yaani Carrier Corps, na baadaye MLC au MLB. Kumbukumbu yao imebaki midomoni mwetu kila siku: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina hilo hilo la kikosi likitamkwa Kiswahili. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Karatasi za vita hivyo pia zina GEA, BEA na PEA. Hizi ni nchi. BEA ni Afrika Mashariki ya Waingereza, yaani Kenya ya leo. PEA ni ya Wareno, yaani Msumbiji. GEA ni ya Wajerumani, na hapo wasomaji wetu wa Rwanda na Burundi wawe makini: wakati huo GEA ilijumuisha Tanganyika, Ruanda na Urundi. Mzee aliyeandikwa kuwa ametoka GEA si lazima awe Mtanzania kwa mipaka ya sasa.

Herufi zilezile, maana tofauti

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, na kosa linaweza kumpandisha babu cheo au kumvua heshima.

EAC ya leo ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. EAC ya mwaka 1943 ni Kamandi ya Afrika Mashariki, yaani makao makuu ya jeshi la Waingereza katika eneo hili. Mzee hakuwa mtumishi wa Jumuiya.

SOS si mwito wa meli inayozama. Inamaanisha askari ameondolewa katika orodha ya kikosi. Sababu inaweza kuwa uhamisho, hospitali, kumaliza mkataba au kifo, na kwa kawaida imeandikwa kando. Kinyume chake ni TOS, ameingizwa katika orodha. Ukipanga TOS na SOS zote kwa tarehe, umepata ratiba ya maisha ya askari jeshini.

Dis. au Disch. inaweza kuwa ametolewa hospitali au ameachishwa jeshi. Tazama neno lililotangulia. Kama kabla yake kuna Adm, yaani amelazwa, basi ametoka kitandani tu, na vita bado vinamngoja.

DCM ndiyo yenye mtego mkubwa. Katika orodha ya nishani ni medali ya ushujaa, ya juu kabisa kwa askari asiye ofisa baada ya Victoria Cross. Katika ukurasa wa nidhamu, herufi hizo hizo ni mahakama ya kijeshi. Mtu mmoja anasherehekea, kumbe karatasi inasema babu alishtakiwa. Mwingine anaficha karatasi kwa aibu, kumbe babu alikuwa shujaa. Kichwa cha ukurasa ndicho kinachoamua.

FP nayo ina nyumba mbili. Katika karatasi za Waingereza, FP yenye namba 1 au 2 ni adhabu ya askari akiwa uwanja wa vita. Katika karatasi za Wabelgiji, FP ni Force Publique, jeshi la Kongo. Mkongo aliyeandikwa FP hakuadhibiwa, ameajiriwa.

Kuhusu kifo, soma polepole. KIA ni aliyeuawa vitani. DOW ni aliyekufa kwa majeraha, na DOD ni aliyekufa kwa maradhi. PW au POW ni mateka, ambaye huenda alirudi. NOK si kifo. Ni ndugu wa karibu wa kuarifiwa, na mara nyingi jina la baba, kaka au mke wa askari limeandikwa hapo.

Upande wa Wajerumani na Wabelgiji

Si kila mzee wa eneo hili alikuwa wa Mwingereza. Wajerumani walikuwa na Schutztruppe, na kombania zao zinaandikwa kwa namba na FK. Kabla ya vita vya 1914, 9 FK ilikuwa Usumbura, ambayo ni Bujumbura ya sasa. 11 FK ilikuwa Kissenji, yaani Gisenyi. 7 FK ilikuwa Bukoba, na 14 FK Mwanza. Vyeo vyao vilikuwa na sauti ya Kituruki: Ombascha ni koplo, Schausch ni sajini.

Jambo la kushangaza wengi ni kwamba mtu mmoja angeweza kuwa na karatasi za pande zote mbili. Mwaka 1917 Waingereza waliiunda upya 6 KAR kwa kuwatumia askari wa zamani wa Mjerumani waliotekwa. Kwa hiyo familia isiyo na uhakika kama babu alikuwa "wa Mdachi" au "wa Mwingereza" inaweza kuwa inasema kweli kwa yote mawili.

Jeshi la Kongo lilivuka Ruanda na Urundi na kuingia Tabora Septemba 1916. Karatasi zake ni za Kifaransa: Bn ni batalioni, Cie ni kombania, Sdt ni askari wa kawaida, na Mle ni namba ya askari. Katika Vita vya Pili, Wakongo walipigana Habeshi, na kituo chao cha kutibu majeruhi kilikwenda hadi Burma kuhudumia wanajeshi wa Afrika Mashariki. Usishangae, basi, ukiona mzee wa Uganda alitibiwa na Wakongo katika msitu wa Asia.

Tusome mstari mmoja pamoja

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili: "Cpl. TOS 34 KAR 3.43. Emb Mombasa 6.43. Adm CCS 11.44. Dis 12.44. SOS 2.46."

Cpl ni koplo. Machi 1943 aliingizwa katika orodha ya 34 KAR. Mkia ni nne: Uganda. Emb ni kupanda meli, kwa hiyo Juni 1943 aliondoka Mombasa. Kufikia hapo karatasi haijasema alikwenda wapi, lakini kikosi kinasema. 34 KAR ilikuwa katika Brigedi ya 25, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na 11 KAR ya Kenya na 26 KAR ya Tanganyika. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 ikaingia Burma.

CCS ni kituo cha kupokea majeruhi, kilicho nyuma kidogo ya mapigano. Alilazwa huko Novemba 1944. Wakati huo divisheni ilikuwa inasukuma njia katika bonde la Kabaw, kwenye tope na malaria, kuelekea Kalewa katika mto Chindwin, ambako ilifika mwanzoni mwa Desemba. Alitoka kituoni mwezi huo wa Desemba. Februari 1946 akaondolewa katika orodha, na kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha, bila shaka ndipo aliporudi nyumbani.

Mstari mmoja umetupa nchi, meli, bonde, mto na mwaka wa kurudi. Kumbuka pia kilichokosekana: mstari hausemi aliugua nini. Malaria au risasi, zote zingeandikwa Adm. Hapo usitunge.

Tarehe nayo inaweza kusema kila kitu. Ukikuta Gnr, yaani mpiga mzinga, wa 301 Fd Regt EAA, na tarehe ya kifo ni 12 Februari 1944, umeijua meli. Ni Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300. Familia iliyoambiwa tu kwamba "alipotelea majini" inaweza kumaliza miaka 80 ya maswali kwa kusoma mstari huo.

Kinyume chake, tarehe huvunja hadithi. Idi Amin alipenda kusema kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia KAR mwaka 1946, Wajapani wakiwa wameshasalimu amri. Kabla ya kusema mzee wenu alikuwa Burma, pigeni hesabu ya mwaka aliozaliwa na mwaka aliojiunga. Wengi waliojiunga miaka ya 1950 walipelekwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na wajukuu huchanganya vita hivyo na vya Mjapani.

Jina limeandikwaje?

Karani aliandika alichosikia. Jina lenye L linaweza kuwa na R, na silabi ya mwanzo inaweza kuachwa. Katikati ya majina mawili huenda kuna s/o, yaani mwana wa. Usiisome kama sehemu ya jina. Wapo pia waliojiandikisha kwa jina jingine kabisa baada ya kuvuka mpaka, au kwa jina la kaka aliyekataa kwenda.

Kwa hiyo itegemee namba ya askari kuliko jina. Inakili yote, pamoja na herufi zilizo mbele yake, bila kuacha hata moja. Majina kama Juma na Okello ni mengi. Namba ni ya mtu mmoja.

Kama nyumbani kumebaki medali tu, igeuze utazame ukingo. Medali za Vita vya Kwanza zina namba, cheo, jina na kikosi vimechorwa pembeni. Zile za Vita vya Pili walizopewa askari wa Keya zilitolewa bila jina, lakini aina yake inasema kitu: Burma Star haikutolewa kwa aliyebaki kambini Nairobi. Usiiuze kwa mnunua vyuma chakavu kabla hujaisoma. Ukiiuza, umeuza ushahidi kwa bei ya chupa ya soda.

Pa kuuliza, na wa kumkwepa

Kama mzee alifia vitani, anzia Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, maarufu kwa herufi CWGC. Orodha yake inapatikana katika intaneti bila malipo. Inahusu waliokufa kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, na kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947. Aliyerudi akafa kitandani mwaka 1970 hayumo, na kutokuwamo hakumaanishi hakuwa askari.

Waliozama na Khedive Ismail wanakumbukwa katika mnara wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Waliopotea Burma bila kaburi wanakumbukwa Taukkyan, karibu na Yangon.

Hata aliyefia vitani anaweza asiwemo. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Karatasi iliyo katika sanduku la bibi inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki.

Shajara za vikosi, zinazoeleza kikosi kilikuwa wapi siku gani, zimehifadhiwa katika Jumba la Nyaraka la Taifa la Uingereza, Kew, London. Herufi WO ni za wizara ya vita: WO 95 ni ya Vita vya Kwanza, na WO 172 inahusu kamandi ya Asia ya Kusini Mashariki, ambayo ndiyo SEAC ya kwenye vyeti. Karibu zaidi, jaribu majumba ya nyaraka ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, hasa mafaili ya wilaya ya miaka ya kuandikisha na kurudisha askari.

Sasa suala la fedha. Mwezi Novemba 2018 Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, wapatao 7,000. Ulikuwa msaada kwa wazee na wajane waliokuwa hai na wenye shida. Haukuwa fidia ya wajukuu.

Hata hivyo, habari kama hizo huwafuga matapeli. Atakuja mtu na fomu, atazitaja herufi tatu nne kwa kujiamini, ataomba "ada ya faili" na karatasi halisi ili "aipeleke London". Mwulize maana ya SOS na TOS. Mwulize 36 KAR ilikuwa ya nchi gani. Akibabaika, mfungulie mlango. Hata akijibu vizuri, asiondoke na karatasi halisi. Nakala inatosha, na kutafuta jina katika orodha ya CWGC hakuhitaji ada ya mtu yeyote.

Kwa hiyo leo jioni toa sanduku. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, maana muhuri wa nyuma mara nyingi ndio wenye tarehe. Nakili namba. Panga tarehe kwa mfuatano. Kisha mwite mzee aliyebaki katika ukoo, msomee neno moja moja, na mwache aseme. Karatasi inajua Kalewa; mzee anajua babu alirudi na mguu gani ukiwa na kovu.